Siku Wachezaji Walipoacha Kwenda Awendo

Alfajiri pale Sori, huku kwetu Karungu, mitumbwi ya omena inapofika ufuoni baada ya usiku mzima ziwani, hesabu hufanywa kabla ya jambo jingine lolote. Hufanywa papo hapo mchangani, kila mtu akiona. Kwanza hutolewa mafuta ya injini na gharama za taa, kisha fungu la mwenye mtumbwi na nyavu, na kinachosalia wanagawana wavuvi waliokesha. Mwenye mtumbwi anayelipa kabla jua halijapanda hakosi watu. Yule anayewaambia warudi jioni, na jioni ikifika anawaambia warudi kesho, baada ya wiki mbili utamkuta akizunguka vibandani kutafuta wavuvi wapya. Wale wa zamani wameshahamia Muhuru au Rusinga. Sijawahi kumsikia mtu wa Karungu akiwaita wasaliti.

Kwa wachezaji wa mpira tumekuwa wakali zaidi. Kijana wa huku akikataa kusajiliwa na klabu iliyo karibu na kwao, akapanda basi la usiku kwenda Nairobi au akavuka mpaka kwenda Tanzania, husemwa kwamba amelewa sifa, kwamba amedharau kwao. Nimeyasikia maneno hayo kwenye vibanda vya chai tangu nikiwa mdogo. Kwa muda mrefu niliyaamini. Historia ya klabu moja tu, tena ya kaunti yetu hii ya Migori, ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Klabu hiyo ni SoNy Sugar ya Awendo. Kutoka Karungu hadi Awendo ni safari ya asubuhi moja kwa matatu, ukibadilisha gari Migori mjini. Kabla hujauona mji unaona miwa, kisha matrekta yaliyojipanga kuingia kiwandani, mabua yakining'inia nyuma na watoto wakiyavuta barabarani. Harufu ya molasi inakupokea. Kiwanda cha Sukari cha South Nyanza kilianza kusaga miwa mwaka 1979, na klabu ya mpira ikakua chini ya kivuli chake. Mwaka 2006 timu ya mji huo wa wakulima wa miwa ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya.

Ubingwa huo haukuanguka kutoka mbinguni. Ukiyapanga majina ya mabingwa wa miaka ile unaona jambo ambalo si la bahati. Mwaka 1999 na 2000 ni Tusker, timu ya kampuni ya bia. Mwaka 2001 na 2002 ni Oserian ya Naivasha, timu ya shamba la maua. Kuanzia 2003 hadi 2005 ni Ulinzi, timu ya jeshi. Mwaka 2006 ni SoNy Sugar, na 2007 Tusker tena. Kwa miaka tisa mfululizo kombe halikutoka mikononi mwa waajiri. Gor Mahia, ambayo mwaka 1987 ilikuwa imeleta nyumbani Kombe la Washindi la Afrika, ilichukua ligi mwaka 1995 na haikuiona tena hadi 2013. AFC Leopards iliichukua mara ya mwisho mwaka 1998.

Vilabu vya jamii kama hivyo viwili vilikuwa na mashabiki waliojaza viwanja, lakini mchezaji wa vilabu hivyo aliishi kwa kutegemea fedha za mlangoni na mfuko wa tajiri mmoja aliyependa timu. Mechi ikinyeshewa, naye amenyeshewa. Mchezaji wa klabu ya kampuni alikuwa na kitu tofauti kabisa mfukoni: kitambulisho cha kazi. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mishahara pamoja na makarani na mafundi. Alikuwa na tarehe ya kulipwa. Akiwa na bahati alipata nyumba kwenye makazi ya wafanyakazi, na mkewe alijua zahanati ni ipi. Kubwa kuliko yote, goti likimwisha akiwa na miaka 31, alikuwa na nafasi ya kubaki kazini, ghalani au kwenye mizani ya kupimia miwa, wakati wenzake wa jijini walikuwa wanarudi vijijini na begi la jezi za zamani.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha hadithi yote. Awendo haikuwa na maduka ya Nairobi wala kamera za televisheni, na mawakala wa kutoka nje ya nchi hawakupita huko mara kwa mara. Hata hivyo wachezaji walikwenda, tena wazuri, kwa sababu mtu angeweza kupanga maisha yake. Mahali ni pale pale, vumbi ni lile lile. Kilichokuwa tofauti ni uhakika.

Kisha sukari ikaugua. Sukari ya bei nafuu ikaingia kutoka nje, viwanda vya serikali vikazama kwenye madeni, mitambo ikachakaa, na wakulima wakaanza kungoja malipo ya miwa yao kwa miezi na miezi. Katika ukanda wote wa sukari hali ilikuwa moja. Kampuni ya Mumias, iliyowahi kuwa fahari ya Magharibi, iliwekwa chini ya mrasimu Septemba 2019. Mkulima asipolipwa, na mfanyakazi naye akisubiri, nani atasimama kwenye mkutano wa bodi aombe fedha za viatu vya mpira?

Mwaka huo huo wa 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa ilijiondoa kwenye udhamini wa ligi na vilabu baada ya mvutano wake na serikali kuhusu leseni na kodi. Vilabu vilivyokuwa vikiishi kwa mgao huo vilibaki kama samaki nchi kavu. SoNy Sugar ilishindwa kufika uwanjani mara moja, ikashindwa tena, na iliposhindwa mara ya tatu, Novemba 2019, kanuni zikafanya kazi yake: klabu ikaondolewa kwenye ligi, matokeo yake yote yakafutwa, na msimu ukaendelea na timu 17. Miaka 13 tu tangu wawe mabingwa. Chemelil, ndugu yao wa sukari, walimaliza msimu ule mkiani.

Hebu fikiria mchezaji aliyekuwa amefunga mabao msimu ule. Yalifutwa. Aliyekuwa akiyahesabu ili ayaonyeshe kwa klabu nyingine alibaki mikono mitupu. Tunapouliza kwa nini kijana anasita kutia saini kwenye klabu ya mji mdogo, tuanze kwa kuuliza nani alimlipa kaka yake aliyetangulia.

Suala hili si letu peke yetu, na mfano ulionifungua macho zaidi unatoka mbali sana na ziwa letu, kwenye hoki ya barafuni. Kanada ndiyo nyumba ya mchezo ule. Watoto huko wanajifunza kuteleza kabla hawajajua kusoma, na Wakanada ndio wengi kuliko taifa jingine lolote katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL. Lakini wachezaji wenye hadhi ya kutosha huomba kifungu kwenye mkataba kinachowaruhusu kuorodhesha timu ambazo hawatakubali kuuzwa kwazo, na kwenye orodha hizo timu za Kanada hutajwa mara nyingi. Timu saba za Kanada hazijalitwaa Kombe la Stanley tangu Montreal ilipolichukua mwaka 1993. Toronto, klabu tajiri yenye mashabiki wasiohesabika, inalisubiri tangu 1967.

Sababu wanazotoa si ngeni kwa mtu wa Karungu. Ya kwanza ni hesabu. Mishahara ya ligi ile hulipwa kwa dola za Marekani, lakini mchezaji wa Toronto anakatwa kodi inayopita nusu ya kila dola ya juu anayopata, ilhali mwenzake wa Florida, Texas au Nevada halipi kodi ya mapato ya jimbo hata senti. Sababu ya pili ni macho ya watu. Katika miji ile mchezaji aliyekosa bao Jumamosi ataulizwa habari zake na muuza mkate Jumapili. Huko Florida anaweza kwenda sokoni na watoto wake na asijulikane.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Eric Lindros. Mwaka 1991, akiwa kijana aliyesubiriwa na nchi nzima, alichaguliwa wa kwanza na Quebec Nordiques. Akakataa kuwachezea. Alikaa mwaka mzima bila kukubali, hadi 1992 akapelekwa Philadelphia kwa kubadilishana na kundi la wachezaji na dola milioni 15. Wengi walimhukumu kwamba amedharau watu wanaozungumza Kifaransa. Baadaye yeye alisema kwamba tatizo lake lilikuwa mwenye klabu peke yake, si mji, si lugha, si watu. Mwaka 1995 klabu ile ilihamishwa kutoka Quebec hadi Denver, Marekani, kwa sababu ya fedha, na mwaka uliofuata, ikiwa na wachezaji waliotokana na biashara ile ile ya Lindros, ikatwaa kombe. Watu wa Quebec waliangalia kwenye televisheni. Najua mtu wa Awendo ataielewa huzuni hiyo bila kuelezwa kanuni za hoki.

Macho ya watu nayo tunayajua. Kuvaa jezi ya kijani ya Gor Mahia ni heshima ambayo Mjaluo hawezi kuieleza kwa maneno machache. Klabu ilizaliwa mwaka 1968, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, hapo jirani zetu upande wa Homa Bay. Ni mali ya kila mtu, na kwa hiyo kila mtu ana haki ya kukukaripia. Nimeona mchezaji aliyebebwa juu juu wiki moja akizomewa wiki iliyofuata hadi akaondoka uwanjani akiwa ameinamisha kichwa. Wapo wanaostawi kwenye moto huo. Michael Olunga alikuwa na Gor Mahia msimu wa ubingwa wa 2015, kisha akaenda Sweden na kuendelea hadi Japani na Qatar. Wengine, wenye vipaji visivyopungua vyake, hawakuuvumilia, na sioni kwamba hilo ni dhambi.

Mzigo huo unabebeka kama mwisho wa mwezi unaeleweka. Usipoeleweka, watu huangalia kusini. Meddie Kagere, mshambuliaji wa Rwanda, alitoka Gor Mahia kwenda Simba ya Dar es Salaam mwaka 2018. Francis Kahata akafuata mwaka 2019, na beki Joash Onyango mwaka 2020. Mwaka baada ya mwaka, klabu bingwa ya Kenya ikawa kitalu cha miche ya jirani. Wengine walililia uzalendo. Mimi ninawauliza wanaolia: ni mara ngapi FIFA imeizuia Gor Mahia kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya waliotangulia?

Zamani mchezaji hakuwa na njia ya kusema hapana. Klabu ilishika barua yake ya kuachiliwa, na bila barua hiyo hakuweza kucheza popote, hata kama mkataba umekwisha na hajalipwa. Uamuzi wa mahakama ya Ulaya katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, Desemba 1995, ulivunja pingu hiyo kwa wachezaji wa Ulaya ambao mikataba yao imekwisha, na upepo wake ukafika kwingineko. Mwaka 2018 FIFA iliongeza kanuni ambayo ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila chumba cha kubadilishia nguo nchini: mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, akaipa siku 15 ilipe yote, na isipolipa ana haki ya kuvunja mkataba na kuondoka. Wavuvi wa Sori walikuwa na kanuni hiyo miaka mingi kabla ya FIFA kule Zurich, ingawa yao haingoji miezi miwili.

Hata serikali iliwahi kuhama kutoka huku. Mwanzoni mwa karne iliyopita ofisi ya mkoloni ya wilaya hii ilikuwa hapa Karungu, kando ya ghuba, kabla ya kuhamishiwa Kisii, kwenye baridi na vilima, mwaka 1907. Wazee hulitaja jambo hilo kwa uchungu kidogo, kana kwamba limetokea jana. Sehemu iliyoachwa haisahau. Ndiyo maana ninaelewa hasira ya shabiki wa Awendo, ijapokuwa nadhani ameielekeza kwa mtu asiyestahili.

Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari, SoNy kikiwemo, kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Wakulima wanaangalia mizani, wafanyakazi wanaangalia simu zao kila mwisho wa mwezi.

Jioni hapa Sori, omena ikishaanuliwa, vijana huweka magoli kwa vijiti vya kukaushia nyavu na kucheza hadi giza. Yupo mmoja wa miaka 17, wa mguu wa kushoto, ambaye hata wanawake wanaofunga magunia husimama kumtazama. Mwaka jana mtu mmoja alikuja kumwambia babake kwamba kuna klabu ingependa kumjaribu, tena si mbali, angeweza kurudi nyumbani kila Jumapili. Baba alifurahi, akaanza kuuliza kuhusu kocha na uwanja. Mama alikuwa ameinama akipepeta omena kwenye karai. Hakuuliza jina la klabu. Aliuliza wanalipa tarehe ngapi, na yule mgeni akaanza kueleza habari za mfadhili anayetarajiwa.