Shoo ya laivu Mombasa kisiwani na Mji wa Kale: Mambo ya kuchanuka nayo kabla hujapanda tuktuk

Posta imeshapita kwa status ya kila msee unayemjua, mbogi imekubali, doo iko. Poa. Lakini Mombasa kisiwani si Nairobi, na Mji wa Kale si Nyali. Hapa steji inaweza kuwa kando ya ngome ya miaka zaidi ya 400, msikiti uko hatua chache, na nyuma ya ukuta kuna nyanya ya mtu anajaribu kulala. Ukijua hilo mapema utaenjoi. Usipojua, utafika wakati bendi inafunga vyombo halafu uanze kulia kwa komenti.

Kwanza, ni wapi hasa?

Posta nyingi zinaandika "Mombasa" tu halafu zinakuacha. Uliza, kwa sababu kumbi za kisiwani ziko mbali mbali na kila moja ina mambo yake.

Fort Jesus kila mtu anaijua. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na UNESCO wakaiingiza kwa orodha ya urithi wa dunia 2011. Mchana ni makumbusho. Shoo ikiwa ndani, unaingia na tiketi ya waandalizi, si ile ya makumbusho. Ukitaka kuzunguka ngome kabla ya shoo, hiyo ni pesa tofauti, na bei ya Mkenya si sawa na ya mgeni, kwa hivyo beba kitambulisho. Ukuta usipande, usichore jina la manzi wako, usizime sigara kwa jiwe. Hii ni mali ya historia na askari wa pale hawana mchezo.

Kando tu ya ngome kuna Swahilipot Hub. Kama unapenda wasanii wachanga, mashairi, bendi ambazo bado hazijaomoka, anza hapo. Wana ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia na upepo wa bahari unakupiga vizuri. Maoni yangu: kwa mtu ambaye hajawahi kuhudhuria shoo Pwani, hapa ndipo pa kwanza, hata kabla ya hizo shoo kubwa za tiketi ya elfu kadhaa.

Mama Ngina Waterfront iko upande wa pili wa kisiwa, karibu na feri, pale wenyeji wengi wanapoita Lighthouse. Ilikarabatiwa na sherehe za Mashujaa za 2019 zikafanyiwa hapo hapo. Pana nafasi kubwa, mibuyu ya zamani sana, na familia nzima nzima zimetoka kupunga upepo. Shoo ya hapa utakuta mtoto wa miaka mitano mbele yako, kwa hivyo chunga mdomo na chunga unachokunywa.

Halafu kuna Little Theatre Club na Mombasa Sports Club, zote ziko Mnazi Mmoja Road. Ya kwanza ni ndogo, ya kukaa na kusikiliza. Ya pili ni uwanja, ndiko wale wakubwa wa Nairobi na Bongo huletwa. Usichanganye. Kuna wasee wamewahi kusimama geti la moja wakisikia muziki unatoka kwa nyingine.

Saa ya posta na saa ya adhana

Magharibi huku huingia saa kumi na mbili na nusu hivi, kulingana na mwezi, na isha kuelekea saa mbili usiku. Shoo yoyote ya Mji wa Kale inayojiheshimu husimamisha spika wakati wa adhana. Msanii ananyamaza, DJ anazima, watu wanatulia. Si stima imepotea, usianze kupiga mbinja. Subiri, itarudi.

Kuna sheria pia. Kanuni za NEMA za 2009 kuhusu kelele zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango kinachoruhusiwa karibu na makazi na nyumba za ibada hushuka sana kutoka hapo. Ndiyo maana shoo nyingi za Mji wa Kale huanza alasiri na kumalizika mapema. Ile tabia ya kufika saa nne usiku ukisema "ndio inaanza kuchemka" ni ya klabu za Nyali na Mtwapa. Hapa ukifika saa nne utakuta vijana wanapanga viti.

Na si suala la karao tu. Watu wa mtaa wakichoka na kelele, wazee wakaenda kwa chifu, ukumbi unanyimwa ruhusa mara nyingine, na anayeumia ni yule msanii mdogo ambaye hana pengine pa kupigia. Wewe utarudi Nairobi na picha zako, yeye abaki bila steji.

Ramadhani, sahau. Shoo nyingi husimama mwezi mzima. Idd ikifika sasa, jiandae, kwa sababu kila mtu aliyekuwa amejizuia anatoka siku moja.

Tiketi na wakora

Desemba ndio msimu wa wageni na pia wa wakora. Mchezo wao ni rahisi: wanachukua posta halali, wanabadilisha namba ya kulipia tu, wanaisambaza kwa magrupu. Usilipie posta uliyotumiwa. Nenda kwa ukurasa wa msanii mwenyewe au wa ukumbi, linganisha namba. Kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Posta inasema kampuni ya burudani halafu jina linatokea la mtu binafsi? Simama hapo hapo, piga simu, uliza. Na usiweke picha ya tiketi yenye msimbo kwa status yako kabla ya kuingia. Mtu ataichapisha, ataingia na wewe utaambiwa na baunsa kwamba tayari uko ndani.

Luku

Vaa kitu chepesi, Mombasa ni jasho hata usiku. Ukipitia vichochoro vya Mji wa Kale, beba leso au shati la kujifunika mabega na magoti, wanaume pia. Ukifika ukumbini vaa unavyotaka. Viatu vya visigino virefu kwa yale mawe ya Ndia Kuu ni kujitafutia daktari.

Ikiwa ni taarab

Hii lazima tuiongelee peke yake, kwa sababu wageni wengi huja Mombasa wakitaka "taarab ya kweli" na hawajui iko wapi. Mji huu ulitoa Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliyependwa kwa nyimbo zenye mahadhi ya Kihindi. Ukamkuza Zein l'Abdin, fundi wa udi mwenye asili ya Lamu, aliyetuacha 2016. Zuhura Swaleh naye alichangamsha harusi na taarab ya taishokoto. Lakini taarab kwa miaka mingi imeishi harusini kuliko kwa steji za tiketi. Maana yake, huwezi tu kujitokeza. Unaalikwa.

Ukialikwa, uliza ni usiku gani wa harusi. Kuna usiku wa wanawake pekee, na kama wewe ni mwanaume haujaalikwa hata kama wewe ndiye uliyelipia bendi. Dada, ukiingia huko, simu iweke kwa pochi. Wanawake wanavua mabuibui, wanajiachia, wanacheza, na picha moja ikitoka nje inaweza kuharibu ndoa ya mtu au heshima ya nyumba nzima. Hapo hakuna "ni ya kumbukumbu tu". Usipige.

Kwa taarab ya wazi, kuna kutunza. Wimbo ukikugusa unainuka polepole, unatembea kwa madaha, unampa mwimbaji noti mkononi au unaiweka mbele yake, unarudi. Usirushe pesa kama uko klabu. Na angalia ubeti unaoinukia, kwa sababu watu wanakusoma. Ukimtunza mwimbaji kwenye ubeti wa mafumbo kuhusu mke mwenza huku umemtazama mtu, umetangaza vita bila kusema neno. Kama huna uhakika wimbo unamsema nani, kaa chini, piga makofi.

Ukikutana na mzee mlangoni, anza na "shikamoo". Ukimuuliza njia bila salamu atakuonyesha, lakini kwa sauti ya kukuambia umelelewa vibaya.

Kufika, na hasa kurudi

Treni ya SGR inakushusha Miritini, nje ya kisiwa, kwa hivyo hesabu muda wa kuingia mjini. Ukishafika, mat za kawaida zinakuacha barabara kubwa kama Digo Road au Nkrumah Road. Mji wa Kale wenyewe ni tuktuk, nduthi au miguu. Bei ya tuktuk kubaliana kabla ya kukalia, na ukisema "Fort Jesus" kila dere anaijua, hata kama ukumbi wako uko mbele kidogo.

Kurudi ndiko wasee hukwama. Vichochoro vya Mji wa Kale mchana ni vizuri kwa picha, usiku vinafanana vyote, taa ni chache na mtandao wa ramani unachanganyikiwa kati ya kuta. Usijaribu njia ya mkato ukiwa peke yako na simu mkononi. Toka na watu hadi mbele ya Fort Jesus, penye taa, uitie usafiri hapo. Dere aliyekuleta salama, chukua namba yake mapema. Manzi asiachwe arudi peke yake eti "ni hapo tu".

Wale wa Likoni: feri ni sare kwa wanaotembea kwa miguu na inafanya kazi usiku, ila usiku huo foleni ya kusubiri inaweza kukula nusu saa na zaidi. Ukiwa na shoo Mama Ngina unatembea hadi feri. Ukiwa Mji wa Kale, toka dakika chache kabla ya wimbo wa mwisho, ama ukubali kungoja.

Msosi

Usile ukumbini. Mama Ngina kuna mihogo ya kuchoma na pilipili na ndimu, viazi karai, madafu. Mji wa Kale tafuta mshikaki, mahamri, na mzee wa kahawa chungu na birika lake la shaba. Beba sarafu na noti ndogo, yeye hataki kusikia mambo ya Till Number saa tatu usiku. Pombe ndani ya Mji wa Kale usiulizie. Aprili na Mei mvua hunyesha bila kupiga hodi, na kumbi nyingi hapa hazina paa, kwa hivyo piga simu ukumbini asubuhi ya shoo uulize kama bado iko.