Magurudumu Mawili Ndani ya Bakuli Moja

Kila ifikapo Februari, mwezi ambao Wamarekani huadhimisha historia ya watu weusi, kuna ujumbe huanza kurushwa kwenye simu na haukosi kutufikia huku Nyamira, Kenya. Unasema kwamba mashine ya mkono ya kupiga mayai ilibuniwa na Mmarekani mweusi aitwaye Willis Johnson mwaka wa 1884. Si uongo mtupu. Johnson alikuwepo, alikuwa mkazi wa Cincinnati katika jimbo la Ohio, na hataza yake nambari 292,821 ilitolewa tarehe 5 Februari mwaka huo. Ila mashine aliyoichora siyo hii tuliyoizoea jikoni. Hii yetu ilikuwa imekwisha kuchorwa miaka 14 kabla yake, na mtu mwingine, kwa akili nyingine kabisa.

Anayeoka keki hapa Sironga anaijua hata kama hana yake: mpini juu, shina la chuma, gurudumu la meno lililosimama wima, kishikio kidogo cha kuzungushia, na huko chini vichwa viwili vya mapanga membamba yaliyopindwa. Iangalie kwa karibu pale juu, panapokutana meno. Gurudumu kubwa limepakana na vigurudumu viwili vidogo vilivyolala, kimoja mbele yake, kingine nyuma. Ukizungusha, cha mbele huenda kulia na cha nyuma huenda kushoto. Hesabu ya meno ni ile ile ya baiskeli. Gurudumu likiwa na meno 50 na vile vidogo meno 10, mkono ukizunguka mara moja vichwa vimezunguka mara tano. Mtu asiye na haraka huzungusha mara mbili kwa sekunde, maana yake vichwa vinapiga mizunguko 600 kwa dakika. Hakuna mkono wenye uma utakaofika hapo, hata uwe wa kijana wa kupasua kuni.

Kasi hiyo inatakiwa kwa sababu ya tabia ya ute. Ute wa yai ni maji kwa takriban asilimia 90, na kinachobaki karibu chote ni protini zilizojikunja. Ukiupiga, protini zinakunjuka, zinashikana na kufungia hewa katikati yake. Ute uliopigwa vizuri huweza kufura hadi mara nane ya ulivyokuwa. Hautaki nguvu. Unataka kukatwa mara nyingi, kwa muda mfupi, hewa ikiingia kila unapokatwa. Uma huusukuma tu huku na huko.

Historia ya kuukata ute kwa gurudumu inaanzia Baltimore, ambako Ralph Collier alipewa hataza tarehe 23 Desemba 1856, ya kwanza Marekani kwa kipiga mayai chenye sehemu zinazozunguka. Miaka mitatu baadaye wakafuata J. F. na E. P. Monroe wa Fitchburg, Massachusetts. Baada ya hapo mlango ulifunguka, na katika miongo michache ofisi ya hataza ikapokea michoro ya vipiga mayai kwa mamia. Kuna ya kufungwa ndani ya mkebe, ya kubanwa kwenye ukingo wa meza, na ya kusukumwa juu chini kwa kiganja. Mingi haikustahili hata wino wake. Watu walikuwa wanajua kwamba jikoni kuna fedha, na kila fundi mwenye nyundo alijaribu bahati yake.

Tatizo lililowashinda wengi lilikuwa dogo kulieleza. Kichwa kimoja kikizunguka peke yake ndani ya bakuli, ute nao huanza kuzunguka pamoja nacho. Mapanga na ute vikishaenda kasi moja, hakuna kinachokatwa tena. Mtu anachoka bure akiona mambo yanazunguka.

Aliyelimaliza ni Turner Williams wa Providence, Rhode Island, kwa hataza nambari 103,811 ya tarehe 31 Mei 1870. Aliweka vichwa viwili vinavyozunguka kinyume, na, hapa ndipo penye ujanja wenyewe, akavipitisha katika nafasi moja. Panga la kichwa hiki hupita katikati ya mapanga ya kile bila kugusana, kwa mwanya mwembamba. Ute unaosukumwa na kichwa cha kulia unakikuta cha kushoto kinakuja, hauna pa kukimbilia, unakatwa. Ukiniuliza mimi, huo ndio uvumbuzi. Mpini wa kuzungusha ulikuwa wa kale hata kabla ya mashine za mayai, na meno ya gurudumu vilevile. Kupachika mizunguko miwili ndani ya duara moja ndilo jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwa yai.

Kampuni ya Dover Stamping ya Massachusetts ndiyo iliyozitengeneza mashine hizo za Williams na kuzisambaza. Jina lake lilitoka katika mji wa Dover, New Hampshire, na mashine yake ilienea kiasi kwamba vitabu vya upishi vya Marekani vikawa vinamwambia msomaji achukue Dover yake, basi, kama kwamba kila nyumba inayo. Mwandishi wa upishi Marion Harland aliisifia mwaka wa 1875 mpaka akadai hangekubali kuiuza hata kwa dola mia moja endapo hangepata nyingine. Katika miaka hiyo hiyo keki za ute mtupu, zile nyeupe zinazoinuka bila siagi wala kiini, zilianza kupata umaarufu kwao. Keki ya namna hiyo humaliza ute wa mayai kumi au zaidi, na kabla ya mashine ni nani angeithubutu isipokuwa mwenye watumishi?

Sasa turudi kwa Johnson. Mchoro wake wa 1884 ni wa mashine kubwa zaidi, yenye sehemu mbili za kuchanganyia zinazoendeshwa kwa pamoja. Mwokaji angeweza kupiga mayai upande mmoja na rojo la keki upande wa pili, au kuosha upande mmoja huku mwingine ukiendelea na kazi. Yaani alikuwa anamfikiria mtu wa karakana ya mikate, aliye na wateja mlangoni, si mama wa mayai mawili. Ukiitazama hivyo, Johnson yuko karibu zaidi na mashine kubwa za viwanda vya mikate vya leo kuliko na kifaa cha jikoni. Kumtwika sifa ya kitu alichokikuta ni kumnyang'anya ile aliyoifanyia kazi.

Afrika Mashariki waliosumbuliwa na mayai kwa muda mrefu zaidi ni watu wa pwani. Mkate wa mayai wa Waswahili ni mayai, sukari, unga na iliki. Kinachouinua ni hewa iliyopigwa ndani ya mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito. Ukikosea hapo, makaa uliyoyapalia chini na juu ya kifuniko hayatakusaidia, utatoa chapati tamu. Na pwani walikuwa na kifaa cha kuzungusha tangu zamani: upekecho, kijiti kinachoviringishwa baina ya viganja viwili. Upekecho huenda kulia, husimama, kisha hurudi kushoto. Kule kusimama ndiko kunakokula muda. Ajabu ni kwamba Wamarekani nao, wakitafuta mashine ya mkono mmoja, waliishia karibu na hapo. Kampuni ya A&J ya Binghamton, New York, mwanzoni mwa karne ya 20 iliuza kipiga mayai cha kusukumwa kuelekea chini: ukisukuma kinazunguka, ukiachia kinarudi.

Huku milimani kwa Wagusii hatukuwa na shida hiyo. Obokima, yaani ugali, husongwa. Chinsaga, mboga yetu ya majani, huchemshwa taratibu na kutiwa maziwa. Amabere amaruranu, maziwa yetu ya mgando, hugandishwa ndani ya kibuyu na kutikiswa. Katika chakula cha Wagusii wa zamani hakuna kinachotaka yai lijazwe hewa, kwa hiyo mashine ya mayai ilikuja nyuma ya keki, na keki ilikuja nyuma ya boma la wakoloni, misheni na shule. Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka wa 1901, na boma la Kisii likawekwa 1907. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wakatoliki walikuwa wamejenga Nyabururu na Waadventista Nyanchwa. Mwaka wa 1928 akina mama wa Kanisa la St Andrew's jijini Nairobi walichapisha kitabu cha upishi cha walowezi wa Kenya, na hapo linaonekana vizuri jiko la enzi hiyo: bibi ana kitabu, mpishi Mwafrika ana mpini. Yaelekea waliozungusha mashine za kwanza nchini ni wapishi hao, wengi wao wanaume, wakipiga mayai ya keki ambayo haikuwa yao.

Mpini ulibadilisha mikono polepole. Shirika la Maendeleo ya Wanawake, lililoanzishwa 1952, lilifundisha upishi na ushonaji katika vikundi vya vijijini. KTDA, shirika la majani chai, likaundwa 1964, na majani chai yakaanza kuleta bonasi katika nyumba za vilima hivi. Bonasi ya majani chai ina historia yake ya mabati, karo na ng'ombe wa gredi, lakini pia ya sufuria na vyombo ambavyo mama alikuwa akivitazama dukani mwaka mzima. Kisha mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukaja mwaka wa 1985 na Sayansi Kimu ndani yake, na mtoto wa shule ya msingi akawa anaandika daftarini mbinu za kutengeneza keki: kukoroga siagi na sukari, kufikicha mafuta ndani ya unga, kuyeyusha, na kupiga mayai. Wangapi walioandika neno la mwisho waliwahi kuigusa mashine yenyewe ni suala jingine. Shule nyingi zilikuwa na mchoro wake ubaoni tu.

Kuna kitu kilichokuwa kikiipinga mashine hii tangu haijazaliwa, nacho ni poda ya kuokea. Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, alitengeneza yake mwaka wa 1843, miaka 13 kabla ya hataza ya Collier. Poda ikishaingia, hewa ya mayai si lazima tena. Ndiyo maana keki ya ndizi, ambayo huku kwa wenye migomba ndiyo rahisi kuliko zote, haina haja ya mashine yoyote: unaponda ndizi zilizoiva hadi zikapata madoa, unachanganya kwa mwiko, poda inafanya iliyobaki. Ukiipiga sana inakuwa ngumu. Mashine ina kazi pale tu unapotaka keki nyepesi ya mayai, ute wa kupamba, au krimu.

Umeme ndio uliotarajiwa kuiua. Mwaka wa 1930 kampuni ya Sunbeam ilitoa Mixmaster, iliyochorwa na Ivar Jepson, mzaliwa wa Uswidi, na ikatamba Marekani nzima. Lakini tazama Jepson alichokifanya: aliweka vichwa viwili vilivyopachikana, vikizunguka kinyume ndani ya bakuli moja. Ni wazo la Williams, miaka 60 baadaye, mota ikichukua nafasi ya mkono. Mashine ndogo za umeme zinazouzwa leo mjini Kisii, zile zenye vitufe vya kasi na waya mweupe, zina vichwa viwili kwa sababu hiyo hiyo.

Huku kwetu, hata hivyo, kifo hicho hakina haraka. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 50.4 ya nyumba za Kenya ndizo zinazopata mwanga kutoka kwa umeme wa gridi, na mwenye stima Sironga anajua kwamba mvua ya alasiri ikishika, stima nayo huondoka. Keki ya arusi haingoji. Tena mkono una faida ambayo mota haina: unaacha papo hapo. Ute uliopigwa kupita kiasi hukatika, ukawa vipande na maji chini yake, na hakuna njia ya kuurudisha. Mkono unahisi ute unavyokuwa mzito kwenye mpini kabla jicho halijaona.

Nisiisifie kupita kiasi. Williams hakufikiria nani atashika bakuli. Mkono mmoja uko juu, mwingine unazungusha, na bakuli linatembea mezani. Katika nyumba nyingi suluhisho ni mtoto aliyeahidiwa kulamba mwiko, au kitambaa chenye maji chini ya bakuli. Meno nayo huchakaa. Panga moja likipindwa na mtoto aliyeigeuza kuwa pikipiki, litagonga la upande wa pili kwa kila mzunguko mpaka yote yalegee, na hapo unahitaji fundi wa jua kali mwenye koleo na subira ya kupima mwanya kwa jicho. Usiizamishe mashine nzima ndani ya maji. Osha vichwa, pangusa meno. Na ukiona inakwama, usiikimbilie chupa ya mafuta. Tone moja likichuruzika kwenye shina likaingia bakulini, ute hautasimama, kwa sababu mafuta huzuia protini kushikana. Kiini kidogo kilichoponyoka yai likivunjwa hufanya vivyo hivyo, na bakuli la plastiki lililokaa na mafuta ya jana pia.

Nyingi zinazouzwa siku hizi zina meno ya plastiki. Kwa mayai mawili ya chai ya jioni zinatosha. Kwa rojo zito la keki ya watu mia, meno yataruka katikati ya kazi. Kabla ya kulipa, izungushe hapo dukani polepole, ikiwa tupu, karibu na sikio. Ikitoa sauti ya kugonga badala ya mvumo mmoja, vichwa havijapangwa sawa. Mrudishie mwenye duka, umwombe nyingine.