Mkeka wa Msiba
(Sehemu ya 7)

Jeneza lilipotoka mlangoni wanaume walilipokea kwa shahada, sauti zao zikapungua kidogo kidogo hadi mwisho wa mtaa. Wanawake wakabaki uani. Mwanahawa aliinamia sinia la mchele, uso haukuonekana. Alikwisha kuuchambua ule ule mara tatu.

"Mama Nasra, lete tuoshe, maji yanachemka," jirani alimwambia.

Alfajiri, habari ilipomfikia kwamba Athumani amekutwa amekufa barazani kwake, pale Ngamiani, alikuwa anakaanga maandazi. Presha, walisema. Hakupiga ukelele. Aliendelea kuyageuza maandazi mpaka yakawa meusi. Mumewe alimtazama kwa muda, kisha akasema, "Vaa, tunakwenda wote. Mtu wa mjini mwetu ni wa kuzikwa."

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu amwambie Athumani basi. Hakufumaniwa. Asubuhi moja alikuwa anamfunga Nasra viatu vya chekechea, mtoto akamshika mashavu akamwangalia, naye akashindwa kuyastahimili yale macho. Siku hiyo hiyo aliifuta namba. Watu husema mwanamke akirudi kwake yamekwisha, na maneno hayo yamewanyima wengi wa kuwasikiliza. Mtu hujutia alichofanya na bado akamkumbuka aliyekifanya naye. Majuto yake si ya uongo, na kumbukumbu zake nazo si za uongo.

Alikumbuka mambo madogo. Athumani alikuwa karani wa mahakama, na siku moja alimweleza, akicheka kwa woga, kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mume kumdai fidia mtu aliyezini na mkewe. "Mumeo akijua, nitauza hata baiskeli."

Wazikaji walikuwa hawajarudi alipotumwa kupeleka chai ndani. Mjane alikaa mkekani, kanga hadi kwenye paji la uso. Bi Rukia alikuwa ameingia eda ya miezi 4 na siku 10. Kila aliyeingia alimpa mkono, akamwombea subira. Nani angempa Mwanahawa mkono? Angesema amefiwa na nani?

"Pole, dada. Mola akupe subira."

"Rudishia mlango. Kaa."

Alikaa. Kikombe kilikuwa kinagonga kisahani.

"Ulipomwacha ndipo nilipohisi," Bi Rukia alisema, sauti haikupanda. "Alikonda. Usiku anatoka anakaa barazani peke yake. Mume wangu alikuwa na matanga ndani ya nyumba yangu, Mama Nasra, na mimi ndiye niliyempikia uji. Unajua hilo linavyouma? Kuzini kwake nilikwisha kumsamehe. Ile huzuni ndiyo iliyonishinda."

Mwanahawa alitaka kusema nisamehe. Neno halikutoka.

"Nani alikwambia ni mimi?"

"Mumeo."

Nje sufuria lilianguka, wanawake wakapigiana kelele.

"Alinifuata sokoni mwaka jana. Akaniomba ninyamaze, nikanyamaza. Jana baada ya isha alikuja hapa. Niliwawekea chai barazani nikaingia ndani. Nilimsikia akimwambia marehemu kwamba anataka fidia, na si ya fedha. Kisha wakazungumza chini chini, usingizi ukanichukua. Alfajiri nilimkuta mume wangu kwenye kile kile kiti, wa baridi. Chai hakuigusa."

Aliingiza mkono chini ya mto, akatoa bahasha iliyokunjwa mara mbili.

"Hii alikuwa ameikamata. Nimewaficha hata waoshaji. Sijaifungua, kwa sababu jina lililoandikwa juu si langu. Wala si lako."

Mwanahawa aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mwandiko wa Athumani aliujua, herufi zake ndefu zenye kuinama. Ulikuwa umeandika neno moja tu: Nasra.

Mlango uligongwa.

"Mama Nasra." Ilikuwa sauti ya mumewe, tulivu kama siku zote. "Toka twende nyumbani. Na hiyo bahasha uje nayo."

ITAENDELEA WIKI IJAYO