Wagika na Wagalu: Maandalizi ya Mwili na Moyo katika Ngoma za Mashindano za Wasukuma

Mcheza kwao hutunzwa, wasema Waswahili. Lakini katika nchi ya Usukuma, tangu Mwanza hata Shinyanga na vijiji vya Kolandoto, mcheza ngoma hakutunzwa kwa sababu ya kuwa kwao tu. Alitunzwa kwa sababu ya kushinda, na kushinda kulitaka maandalizi marefu. Maandalizi hayo yalikuwa ya namna mbili, ya mwili na ya moyo. Na habari yake ni sehemu ya historia ya nchi hiyo ambayo aghalabu husahauliwa na wale wazionao ngoma kuwa ni furaha tupu.

Asili ya mashindano hayo ni katikati ya karne ya 19. Wakati huo waliishi waganga wawili, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alikuwa mchezaji hodari na mjuzi wa dawa. Ushindani wao juu ya nani mwenye dawa zenye nguvu zaidi ulizaa vyama viwili: wafuasi wa Ngika wakaitwa Wagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Wagalu. Tangu hapo vikundi vingi vya ngoma vya Usukuma vimejihesabu kuwa vya upande mmoja au wa pili. Wayeye, wanaocheza na nyoka, na Wanunguli, wawindaji wa nungu, nao wana siri zao, mafundisho yao na ngoma zao.

Kanuni ya mashindano ni nyepesi kuieleza lakini ni ngumu kuishinda. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kimoja mahali pake; watazamaji huenda wapendako, na kikundi kinachovuta watu wengi ndicho kinachoshinda. Katika ngoma za mashindano za Ireland, ambazo mashindano yake ya dunia yalianza Dublin mwaka 1970, waamuzi huketi na kutoa alama kwa wepesi wa miguu na unyoofu wa kiwiliwili. Mchezaji wa huko hujiandaa kwa ajili ya macho ya wachache wenye ujuzi. Mchezaji wa Kisukuma hujiandaa kwa ajili ya umati usio na subira, ambao waweza kumgeuzia kisogo wakati wowote na kumfuata hasimu wake. Kwa hiyo haitoshi acheze vizuri. Hana budi awe na pumzi ya kucheza muda mrefu bila kulegea, na kila mara awe na jambo jipya la kushangaza: nyoka, sanamu ya mti, au wimbo ambao manju ameutunga kwa ajili ya siku hiyo.

Pumzi hiyo ilipatikana shambani. Msimu wa ngoma ulikuwa baada ya mavuno, tangu mwezi wa Juni, wakati mtama umekwisha vunwa. Miezi ya mvua iliyotangulia vijana walikuwa wamelima kwa makundi, wakienda kwa zamu katika mashamba ya watu, wakiinua na kushusha majembe kwa kufuata ngoma na wimbo. Bugobogobo, ngoma ya majembe, imetokana na kazi hiyo hiyo. Mchezaji hulizungusha jembe, hulirusha juu na kulidaka, huku miguu yake ikishika mapigo ya ngoma kubwa. Mkono usiozoea uzito wa jembe hauwezi kufanya hivyo hata ukifundishwa mwezi mzima. Basi kilimo kilikuwa mazoezi, na mazoezi yalikuwa kilimo.

Maandalizi ya moyo yalikuwa mikononi mwa manju, ambaye Wasukuma humwita ningi. Huyu alikuwa mtunzi, mwalimu na mganga pamoja. Aliwapa wachezaji wake samba, dawa ya kuvuta watu, na dawa nyingine za kuwakinga na hila za wapinzani. Msomi wa leo asiyeamini dawa hizo asiharakishe kuzicheka. Mchezaji aliyekwisha kupakwa dawa aliingia uwanjani akiamini kwamba uchawi wa adui haumpati na kwamba macho ya watu ni yake. Hofu ilimwondoka, na mwili uliokwisha kukomazwa na jembe ukawa huru kutenda uwezalo. Kama umati ulimkimbia, kulikuwa na sababu iliyo nje yake, naye aliweza kurudi mwaka wa pili bila kuvunjika moyo.

Hapo ndipo palipozuka ugomvi mkubwa. Kolandoto ilikuwa kituo cha Africa Inland Mission, na hospitali yake ilianza mwaka 1913. Kwa wamisionari wa namna hiyo dawa za ngoma zilikuwa ushirikina, wala haikuwezekana kuitenga ngoma na dawa yake. Kijana aliyebatizwa alitakiwa achague. Huko Bujora, karibu na Mwanza, njia nyingine ilifuatwa: Padre David Clement, Mkatoliki kutoka Canada, alizikaribisha ngoma katika sikukuu ya Bulabo, ifanywayo mwezi wa Juni wakati wa Ekaristi Takatifu, na Wagika na Wagalu wakaendelea kushindana karibu na kanisa.

Baada ya uhuru serikali nayo ikazichukua ngoma. Kundi la Taifa la ngoma liliundwa mwaka 1963, na bugobogobo ikachezwa jukwaani na watu wa makabila mengine. Jukwaani hapana kikundi cha pili cha kushindana nacho, wala watazamaji hawawezi kuhama. Wamekwisha kukaa vitini. Jembe bado huzungushwa kwa ustadi, ila mchezaji haogopi tena kuachwa peke yake uwanjani. Atakaye kuielewa ngoma hii na aanze na hofu hiyo, kwa maana jembe lilikomaza mwili ili uistahimili, na samba ilitafutwa ili iondoke.