Ukinzani

Kwetu huku Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ukisema "upinzani" watu husikia siasa. Labda ndiyo maana wanafizikia wa Kiswahili walichagua neno jirani yake: ukinzani. Limetokana na kukinza, yaani kupinga au kubisha. Waya haukatai umeme usipite. Unabishana nao tu, na ubishi huo hutoka kama joto.

Tuchukue nyumba moja ya hapa Mpofi yenye paneli ya sola, betri ya volti 12 na taa inayovuta ampea 0.5. Gawanya volti kwa ampea: 12 kwa 0.5 ni omu 24, ukinzani wa taa ile inapowaka. Zidisha badala ya kugawanya: wati 6, ndiyo nguvu yake. Omu ni jina la Mjerumani Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Sasa vuta waya mrefu, mwembamba, hadi kwa jirani: ukinzani unaongezeka, taa yake inafifia, na fundi analaumiwa bure.

Kile kinachopimwa kwa ampea huitwa "mkondo", nalo ni neno zuri kuliko yote. Lilikuwa la maji ya mto na bahari kabla umeme haujaliazima, na mtoto aliyevuka mto analielewa bila maelezo. "Nguvu" ndilo lenye matatizo, kwa kuwa mtaani hubeba kila kitu.

Sekondari zetu hufundisha fizikia kwa Kifaransa. Mwalimu, ukishamaliza kanuni, irudie kwa Kiswahili japo mara moja.