JICHO LA WILLIE (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA: Willie O'Ree, kitindamimba wa familia ya watoto 13 kutoka Fredericton, Kanada, yuko mbele ya lango akiichezea timu ya hoki ya barafuni ya Kitchener Canucks. Kisahani cha raba kinapigwa kwa nguvu, kinagonga gongo, kinabadili njia na kumpata usoni. SASA ENDELEA...

Alipozinduka hospitalini, daktari hakumficha kitu. Jicho la kulia halitaona tena, na hoki ya barafuni aisahau.

Aisahau vipi? Tangu utotoni alitaka jambo moja tu: kucheza NHL, ligi kuu ambayo hadi msimu ule wa 1955-56 haikuwa imempokea mchezaji mweusi hata mmoja. Wiki chache baadaye alikuwa tena barafuni.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. O'Ree alikuwa winga wa kushoto, hivyo pasi nyingi zilimjia kutoka kulia, upande wa giza. Ilimbidi ageuze kichwa chote juu ya bega kukitafuta kisahani, huku mabeki wa miraba minne wakimvamia asiwaone. Alikosa mabao ya wazi. Mwishowe akakata shauri: asichokiona asikililie, anachokiona akitumie.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Alimwambia dada yake, akamsihi asiwafikishie wazazi. Sheria ya NHL ilimkataza mchezaji asiyeona kwa jicho moja. Neno moja tu likivuja, ndoto imekwisha.

Mwaka 1956 kocha Punch Imlach akamchukua kwenye timu ya Quebec Aces. O'Ree akanyamaza. Mwaka uliofuata akaitwa kwenye kambi ya Boston Bruins, timu ya NHL, kisha akarudishwa Quebec. Akanyamaza, akaongeza mbio, kwa maana kasi ya miguu hakuna jeraha lililomnyang'anya.

Januari 1958 wito ukaja: Bruins wamepungukiwa mchezaji, aende Montreal haraka!

Jumamosi tarehe 18, uwanja wa Forum. Wapinzani ni Montreal Canadiens, mabingwa watetezi. Watu wanaitazama rangi yake. Jicho lake hakuna anayelifikiria. Kocha Milt Schmidt anampanga winga ya kushoto, palepale ambapo kila hatari itatokea upande asiouona.

Zamu yake imefika. O'Ree anaingia barafuni, na mabeki wa Montreal wanaanza kumsogelea kutoka kulia...

Je, siri itafichuka usiku wa kwanza? ITAENDELEA wiki ijayo.