Hikaya Zilizoingia Kadini

Miongoni mwa sanaa ambazo watu wazima huzidharau kwa kuwa wamezizoea kuziona mikononi mwa watoto, imo sanaa ya kadi za picha zikusanywazo seti kwa seti. Na mtu aifuataye tarehe yake kwa makini, tangu karne ya 19 hadi zama zetu, ataona bayana kuwa kadi hizo, kwa udogo wake wote, zimewafundisha watu namna ya pekee ya kupokea hadithi, namna ambayo msimulizi hutoa vipande tu, na msikilizaji ndiye aviungaye. Muradi wa makala hii ni kueleza jinsi namna hiyo ilivyokua, na jinsi ilivyopata nguvu mpya siku ilipokutana na hikaya ambazo watu wa pwani yetu walizijua zamani, yaani hikaya za Alfu Lela Ulela.

Asili ya kadi hizi ni biashara. Kampuni ya Liebig, iliyouza kiini cha nyama kilichotengenezwa Fray Bentos katika nchi ya Uruguay, ilianza katika miaka ya 1870 kuwatunukia wanunuzi wake kadi za rangi nyingi zilizopigwa chapa kwa mawe, na aghalabu kadi sita zilifanya seti moja yenye maudhui moja. Huko Marekani, katika miaka ya 1880, Allen & Ginter wa Richmond, Virginia, walitia kadi ndani ya pakiti za sigara ili kuikaza karatasi laini isipondeke, kisha wakaona kuwa picha iliyochorwa juu ya kadi yavuta wanunuzi kuliko tumbaku yenyewe; na Uingereza W.D. & H.O. Wills wa Bristol wakafuata nyayo hizo. Picha zilikuwa za meli, askari, ndege na maua, na kwa kuwa mnunuzi hakujua pakiti ina nini mpaka aifungue, ilimlazimu ama kununua tena ama kubadilishana na jirani yake, hata seti ikawa kazi ya mtaa mzima. Vita Kuu ya Pili ilipoleta uhaba wa karatasi, kadi za sigara zilikoma Uingereza mwaka 1940. Baadaye wauzaji wa chai walizifufua, na mwaka 1961 kampuni ya Brooke Bond, iliyokuwa na mashamba ya chai hapa kwetu Kericho, ilitoa seti ya wanyama wa Afrika iliyochorwa na C. F. Tunnicliffe, hata mtoto wa Uingereza akamjua simba kwa pakiti ya chai ya mama yake.

Kadi zote hizo zilionyesha dunia iliyopo. Zilizoonyesha dunia isiyokuwapo zina mfano mashuhuri katika Mars Attacks ya mwaka 1962, seti ya kadi 55 iliyotolewa na kampuni ya Topps ya Marekani na kupakwa rangi na Norman Saunders, ambayo kila kadi ilikuwa na taswira ya kutisha usoni na kipande cha kisa mgongoni, kuhusu majeshi ya sayari ya Mirihi yaliyoishambulia ardhi. Aliyekosa kadi ya katikati ilimbidi ajaze pengo hilo kwa fikra zake. Na ijapokuwa wazee walilalamikia damu na vitisho vyake, hata uuzaji wake ukasitishwa, seti ile ilithibitisha kuwa ulimwengu mzima unaweza kukaa ndani ya vipande vya karatasi vinenavyo kidogo kidogo.

Hata hivyo, kadi hizo zilitazamwa na kusomwa tu. Badiliko kubwa lilikuja Agosti 1993, pale Richard Garfield, mwanahisabati wa Kimarekani, alipotoa kwa kampuni ya Wizards of the Coast, katika jimbo la Washington, mchezo uitwao Magic: The Gathering, ambao wachezaji wake ni wachawi wawili washindanao kwa kadi walizozikusanya wenyewe. Hapo kadi ilipata jambo jipya juu ya jina na mchoro, nalo ni kanuni: maneno yanayoamuru kadi hiyo ifanye nini mezani, na chini ya kanuni, nafasi ilipobaki, palitiwa kauli fupi kama iliyotoka kinywani mwa mtu wa dunia ile. Jesper Myrfors, msimamizi wa sanaa, aliwapa kazi wasanii vijana ambao wengi hawakuwa na jina, na kila mmoja alichora kwa mkono wake mwenyewe, hata kadi zikawa na tofauti za mitindo ambazo mwenye duka la picha angeziona kasoro, lakini ambazo kwa mchezaji zilikuwa dalili ya ulimwengu mpana usioweza kuonwa na jicho moja.

Desemba ya mwaka ule ule ilitoka seti ya nyongeza, kadi 78, zote zikichota katika bahari ya Alfu Lela Ulela. Garfield alikuwa amesoma kisa cha katuni cha Neil Gaiman, kilichochorwa na P. Craig Russell, kinachomsimulia Khalifa Harun al-Rashid akiutoa mji wa Baghdad uingie katika ulimwengu wa ndoto ili fakhari yake isipotee kamwe. Naye akarudi kwenye hikaya zenyewe. Ubora wa kazi yake hauko katika kutaja majina, maana majina kila mtu huweza kuyataja. Uko katika kuigeuza kila hikaya kuwa kanuni. Mzee wa Bahari, yule aliyempanda Sindbadi mabegani asitake kushuka, katika kadi hukikamata kiumbe cha adui kisichomzidi nguvu na kukitumikisha maadamu hajakiachilia. Yai la Rukhi likivunjwa, hutoka ndege mkubwa arukaye. Mji wa Shaba, ambao katika hikaya Amiri Musa aliukuta umejaa mali na maiti, na ambao Talib aliuawa ndani yake kwa tamaa ya vito vya malkia, humpa mchezaji nguvu ya uchawi ya aina yoyote aitakayo, lakini kila autumiapo humjeruhi. Na kadi ya Shahrazad, msimulizi wa hikaya zote hizo, iliyochorwa na Kaja Foglio, ndiyo ajabu kuu, kwani huamuru wachezaji wausimamishe mchezo wao na kuanza mchezo mwingine ndani yake, na aliyeshindwa katika mchezo wa ndani arudipo katika ule wa nje hupoteza nusu ya uhai wake.

Msomaji wa pwani hawezi kuiona kanuni hiyo kuwa ngeni. Hikaya ya Hasibu Karimu Dini na Sultani wa Nyoka ilisimuliwa Unguja kwa Kiswahili safi kabla Edward Steere hajaitia katika kitabu chake cha mwaka 1870. Na katika Alfu Lela, Shahrazad humsimulia mfalme habari za Hasibu, Hasibu husimuliwa habari za Bulukia, na ndani ya habari za Bulukia mna habari za Janshah. Kusimulia kwa kuingiza kisa ndani ya kisa ndiko kulikomwokoa Shahrazad, binti wa waziri, na upanga wa mfalme. Na kadi ile haikumchora tu binti huyo, bali ilimfanya mchezaji atende kama yeye.

Insafu yataka tuseme pia kuwa kuazima dunia ya watu walio hai kuna dhima yake. Seti ile ilichanganya ngano na mambo ya dini bila kupambanua, na mwaka 2020 kampuni yenyewe iliziondoa mchezoni kadi saba kwa kuwa zilikuwa na ubaguzi wa rangi au wa mila, na mbili kati yake, mojawapo iliyoitwa Jihad, zilitoka katika seti hii. Hikaya ni mali ya kila asimuliaye, lakini imani ya watu si pambo.

Pengine njia ya salama ilikuwa kubuni dunia mpya. Machi 1994 ilitoka seti ya Antiquities, iliyosimulia vita vya ndugu wawili, Urza na Mishra, kwa mabaki ya mitambo yao tu, hata mchezaji akawa kama mchimbaji wa magofu. Oktoba 1996 ikaja Mirage, iliyojenga bara la Jamuraa kwa sura za Afrika, pamoja na falme zake tatu, Zhalfir, Femeref na Suq'Ata, na mchawi mweusi Teferi aliyefanya kisiwa chake kitoweke na kurudi. Na kutoweka huko kukawa kanuni ya kadi nyingi za seti ile. Humo mna askari wapanda farasi walioitwa kwa jina hilo hilo la askari, mna Zuberi na Rashida, na mna mnyonya damu aitwaye Shauku. Nakiri kuwa furaha ya kukuta majina ya kwetu huchanganyika na majuto, kwa kuwa yametawanywa pamoja na pepo za Magharibi na wanyama wa ngano za Kiyunani bila nasaba ya kuyaunga. Ila heshima waliyopewa watu wa Jamuraa, ya kuwa ndio wafalme, wanazuoni na mashujaa wa kisa chao wenyewe, ilikuwa adimu katika michezo ya zama zile.

Kutokana na tarehe hii nimesadiki jambo moja: kwamba dunia ya kadi haijengwi kwa wingi wa nakshi, bali kwa tendo ambalo kadi humtaka mchezaji alitende. Na kama ni hivyo, wachoraji na wabunifu wetu wana hazina isiyoguswa. Fumo Liongo, shujaa wa hikaya za pwani yetu, ambaye silaha haikumdhuru ila sindano ya shaba kitovuni, tayari ni kanuni. Tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, ikakereza minyororo aliyofungwa huku kelele za ngoma ya gungu zikificha mlio wake, ni kanuni nyingine. Wazee waliotunga habari hizo walijua kuwa shujaa hukumbukwa kwa sharti lililofungamana na uhai wake, na atakayezitia kadini imempasa alilinde sharti hilo kwanza, ndipo amtafute mchoraji.